Trekta la mafuta mawili: namna ya kuliwasha kwa petroli, kulilisha mafuta ya taa na kulizima bila kuua injini

Wakuu habari. Kuna ndugu yangu mmoja wa Njombe alinitumia picha ya trekta la kijivu limelala chini ya mparachichi, amelikuta kwenye shamba alilonunua, akaniuliza mbona hili dude lina vifuniko viwili vya mafuta, kimoja kikubwa kimoja kidogo, halafu kuna koki inageuka huku na huku, kwani linakula nini hili? Nilicheka kwa sababu swali hilo hilo na mimi niliuliza mwaka wa kwanza nafika huku Lincolnshire, Uingereza, kufanya kazi za shamba. Jibu lake: linakula viwili. Petroli ya kuamkia, mafuta ya taa ya kufanyia kazi.

Sasa mimi ninalo Ferguson la 1950, nililinunua likiwa limekufa, nikalifufua, nikaliua tena kwa ujinga wangu (ntawaeleza huko mbele), nikalifufua mara ya pili. Kwa hiyo nayoandika hapa sehemu yake ni ya vitabu na sehemu kubwa ni ya mfuko wangu mwenyewe.

Historia kidogo ili uelewe mantiki yake. Zamani hizo petroli ilikuwa na kodi na ya kwenye trekta wakulima waliiona ghali, mafuta ya taa yakawa bei chee, basi watengenezaji wakaunda injini ya plagi inayoweza kuchoma yale ya bei chee. Fordson ya kwanza, ile Model F ya 1917 ya kule Dearborn Marekani, ilikuwa inakula mafuta ya taa hivyo hivyo, na Model N iliyofuata, ikaanzia Cork Ireland 1929 halafu ikahamia Dagenham Uingereza 1933, nayo hivyo hivyo. Ferguson TE20, ambalo ndo trekta la kijivu watu wanalijua, lilitengenezwa Banner Lane pale Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya matrekta laki tano, na toleo la mafuta mawili likaanza 1949. Mafuta yenyewe huku waliyaita TVO, ni mafuta ya taa yaliyoboreshwa kidogo kwa ajili ya matrekta. Mwaka 1974 yakaacha kuuzwa kabisa. Kwa hiyo leo hata sisi wa huku tunachanganya wenyewe.

Kitu kimoja ukikielewa hapa vingine vyote vitajipanga: mafuta ya taa hayataki kugeuka mvuke kwenye ubaridi. Petroli ukiimwaga sakafuni inapotea unaiangalia, mafuta ya taa unayakuta kesho yake. Ndani ya injini ni hivyo hivyo. Injini ikiwa ya moto yanakuwa mvuke yanaungua vizuri, injini ikiwa baridi yanabaki matone, matone yanaosha kuta za silinda, yanapita kwenye ringi, yanashuka kwenye oili. Koki, pazia la rejeta, geji ya joto, lile limanifoldi zito (bomba la chuma linaloingiza mafuta na kutoa moshi), vyote vimewekwa pale kwa sababu ya hilo tu.

Kwanza jua ulichonacho

Kwenye Ferguson tafuta kibati cha namba hapo kwenye dashibodi. Herufi mbili za mwanzo TE maana yake lilitengenezwa Uingereza, ukikuta TO ni la Detroit, hayo yalianza 1948. Herufi inayofuata ndo ya kuangalia: A ni petroli tupu, D ni petroli na TVO, F ni dizeli, H ni lile la mafuta ya taa ya kawaida kabisa ya kibatari, lilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo TVO ilikuwa haipatikani. Ukikuta H nyumbani umepata kitu adimu, usikiuze kama chuma chakavu tafadhali.

Ila kibati kinaweza kukudanganya. Trekta la miaka sabini limepita mikono mingi, mmoja kabadilisha silinda hedi, mwingine kaweka injini nzima ya trekta lingine, kibati kimebaki kile kile. Kwa hiyo angalia na dalili za mwilini: tangi lenye sehemu mbili na vifuniko viwili, koki ya kuchagua mafuta, geji ya joto la maji, pazia au kizuizi mbele ya rejeta, na manifoldi ambayo njia ya moshi na njia ya mafuta zimekumbatiana na mara nyingi kuna bati la kuzuia joto lisitoroke. Ukikosa hiyo manifoldi basi hata kama tangi lina vifuniko vitatu hilo sasa ni trekta la petroli.

Kwa nini nakazania hivi? Kwa sababu ya kompresheni. Injini ya Ferguson ya petroli inabana kama 6 kwa 1 hivi, ya TVO inabana kama 5 kwa 1. Inaonekana tofauti ndogo. Lakini mafuta ya taa okteni yake iko chini sana, ukiyabana yanalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga kama mtu anapiga nyundo ndani ya ndoo, na ukiendelea kulazimisha utatoboa pistoni. Kwa hiyo ukiwa na A usijaribu mafuta ya taa hata kidogo, hata rafiki yako akikwambia babu yake alikuwa anafanya. Upande wa pili hauna shida: D ukiliendesha kwa petroli tupu maisha yake yote halitakulalamikia, litakula zaidi kidogo kuliko ndugu yake wa A basi. Petroli ya siku hizi isiyo na risasi inalifaa tu.

Mafuta: unachanganya nini na nini

TVO ya zamani ilikuwa na okteni kati ya 55 na 70 hivi. Mafuta ya taa ya leo yako chini ya hapo, ndo maana tunayapandisha kwa kuongeza petroli. Kipimo changu ni mafuta ya taa sehemu nne, petroli sehemu moja. Dumu la lita 20 unaweka lita 16 za mafuta ya taa na lita 4 za petroli, unatikisa, umemaliza. Wengine wanaenda tano kwa moja, na kwa kazi nyepesi inatosha. Ukisikia inagonga ukiwa na plau ardhini, ongeza petroli kidogo kwenye mchanganyiko unaofuata. Kuna wazee huku wanaongeza na oili ya injini kiasi cha nusu kikombe wakisema inalainisha valvu, mimi siweki, oili inatakiwa ikae chini kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini.

Dizeli usiweke. Mafuta ya kupikia usiweke. Najua kuna mtu ataniuliza.

Na hii naomba uisome mara mbili. Mafuta ya taa ukishayatia petroli SIO mafuta ya taa tena. Yanawaka kama petroli. Lile dumu likirudi jikoni na mtu akalimimina kwenye jiko la utambi au kwenye kibatari, nyumba inaungua na watu ndani. Kwa hiyo dumu la trekta liwe rangi tofauti, liandikwe kwa rangi ya mafuta PETROLI, lifungiwe stoo na funguo uwe nayo wewe. Watu wa nyumbani wote waambiwe, pamoja na dada wa kazi na watoto, maana ndo wanaotumwa kumimina.

Wenye utani wataniambia huo ni uchakachuaji, na kweli ndio, ila unachakachua tangi lako mwenyewe. Huku Uingereza hata hivyo kuna sheria za kodi juu ya kuchanganya mafuta yenye msamaha wa kodi, kwa hiyo aliye huku aulizie kwanza asije akatozwa faini kwa ajili ya hobi.

Petroli ya kuwashia nayo ichagulie. Huku tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ni E10, ina pombe ya ethanoli hadi asilimia 10, na ile pombe inavuta maji na inakula mipira ya zamani. Mimi natumia E5. Popote ulipo, mpira wa mafuta ulioukuta kwenye trekta ubadilishe tu, hata kama unaonekana mzima.

Kabla ya kuwasha: rudisha joto lake

Sasa hapa ndo mafundi wetu wa nyumbani na mimi tunagombana. Fundi wa kwetu kitu cha kwanza akifungua injini anatoa thamostati anaitupa. "Hii ya nchi za baridi, hapa ya nini." Mwaka mzima gari linatembea kwenye ubaridi, haya, kwa Corolla ya petroli utasalimika. Kwa trekta la mafuta ya taa umelichimbia kaburi. Bila thamostati maji yanazunguka muda wote, injini haifiki joto lake hata jua la Dodoma likiwa utosini, mafuta ya taa yanaingia mabichi. Kwa hiyo fungua pale juu ambapo mpira wa rejeta unaingia kwenye hedi, uhakikishe thamostati ipo na inafunguka. Kuipima ni rahisi, iweke kwenye sufuria ya maji jikoni, chemsha, iangalie ikifunguka kabla maji hayajachemka kabisa. Imebaki wazi muda wote? Nunua mpya. Haifunguki? Nunua mpya.

Pazia la rejeta lipo? Kama halipo, kipande cha turubai au hata kadibodi ngumu iliyofungwa na waya mbele ya rejeta kinafanya kazi ile ile, mradi uweze kukipunguza ukiwa unaenda. Geji ya joto inafanya kazi? Hii usiruke. Kuendesha TVO bila geji ni kupika wali bila kufungua sufuria.

Manifoldi ichunguze taratibu. Ukuta wa chuma kati ya moshi na mafuta unaliwa na kutu na moto miaka yote hiyo, ukitoboka moshi unaingia upande wa mafuta na trekta linakuwa la kishenzi, halishiki sailensa (kuunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta), linazima, unabadilisha kabureta mara tatu na kumbe tatizo ni tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Toa manifoldi, kwangua masizi, ziba tundu moja kwa kiganja na uangalie kwa tochi. Gasketi mpya wakati wa kurudisha.

Mengine ni ya kawaida, nayapitia haraka: ondoa tangi ulioshe pande zote mbili, safisha kile kikombe cha kioo chini ya koki maana kutakuwa na tope humo, fungua kabureta upulize jeti (jeti ya TVO ina tundu kubwa kidogo kuliko ya petroli, kwa hiyo usikubali kuuziwa kit ya petroli tu), plagi mpya za aina ya joto, safisha pointi za distribyuta, mtiririko wa plagi kuwaka kwenye Ferguson ni 1-3-4-2. Oili mpya na filta mpya. Andika kwa kalamu tarehe na kiwango ulichoona kwenye kijiti cha kupimia oili, utakihitaji.

Kuwasha asubuhi

Koki weka upande wa petroli. Kama hukulizima wewe jana, au hukumbuki lilizimwa vipi, fungua kizibo chini ya kabureta umwage kilichomo kwenye bakuli lake, maana kama kimebaki mafuta ya taa utachosha betri bure na asubuhi yako imeisha. Pazia la rejeta lifunge lote. Vuta choki, fungua eksileta kidogo.

Kwenye Ferguson usitafute swichi ya stata, haipo. Stata iko kwenye gia: unaleta mkono wa gia kwenye S, na kwa sababu S haishikani na gia yoyote huwezi kuliwasha likiwa kwenye gia likakuruka. Kitu rahisi, kimeokoa miguu ya watu wengi. Likiwaka rudisha choki pole pole.

Sasa uliache lipate joto, ila usiliache sailensa. Sailensa kwa TVO ni kupoteza muda, halipati moto. Nyanyua mzunguko kiasi, au bora zaidi endesha pole pole kwenda shambani, funga plau, zunguka shamba ukiangalia mipaka. Dakika kumi, kumi na tano, kutegemea na hali ya hewa. Huku Januari inafika ishirini na mimi nimevaa soksi mbili.

Kuhamia mafuta ya taa

Geji ifike nyuzi 70 za Selsiasi au zaidi. Sio 50, sio "naona imeshapata moto." Ikifika, geuza koki upande wa mafuta ya taa, na uendelee na mzunguko wa kazi. Hutasikia kitu kwanza, kwa sababu kabureta bado lina petroli yake. Baada ya dakika moja hivi mlio unabadilika, unakuwa mzito kidogo, kama mtu aliyeshiba. Harufu ya moshi inabadilika pia, wazee wa huku wakiisikia macho yanalegea wanaanza kukusimulia utoto wao.

Moshi mweupe ukitoka baada ya kuhamia, ni mafuta ya taa mabichi hayajaungua, umewahi kuhama. Rudi petroli, subiri, jaribu tena. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, angalia choki kama imerudi yote na kisafisha hewa kama hakijaziba. Mlio wa kugonga ukiwa na mzigo ni moto umezidi au mchanganyiko una petroli kidogo mno, fungua pazia kwanza, kama bado, rudisha taimingi (wakati wa plagi kuwaka) nyuma nukta kidogo kwenye distribyuta. Nimesema kidogo, nywele moja, halafu kajaribu, usigeuze kama unafungua bomba.

Kazini

Trekta hili linapenda kutumwa. Likiwa na mzigo linakaa kwenye joto lake, linaungua safi, linakula vizuri. Farasi 25 hivi ndo zote alizonazo Ferguson, plau ya majembe mawili, na kwenye udongo mwepesi unashinda nalo. Macho yako yaende kwenye geji kila unapogeuka mwisho wa shamba. Unataka ikae kwenye 80 na kidogo. Ikishuka funga pazia, ikipanda kuelekea kuchemka fungua.

Ukisimama kuongea na mtu zaidi ya dakika tatu nne, rudisha koki petroli. Hili ndo linalosahaulika kuliko yote, kwa sababu mazungumzo ya shambani hayana dakika tatu. Kama kazi yako ni ya kusimama simama, kubeba maji, kuvuta tela kwa mwendo wa kinyonga, kukusanya mawe, basi siku hiyo usihangaike na mafuta ya taa kabisa, nenda na petroli.

Oili, na namna nilivyoua beringi zangu

Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na haraka na nilikuwa na ubahili. Petroli naiona ghali, nikawa nahamia geji ikiwa 40, 50, trekta linatoa moshi mweupe nafikiri ndo uzee. Thamostati? Mwenye trekta wa zamani alishaitoa, sikuangalia. Kazi yenyewe ilikuwa kuvuta tela la kuni, kilomita moja kwenda, simama nusu saa likiunguruma, kilomita moja kurudi.

Kila asubuhi napima oili. Na kila asubuhi nafurahi: haipungui! Trekta la 1950 halili oili, nikawa natamba kwa jirani yangu, mzee wa kiingereza wa miaka themanini na kitu aliyekulia juu ya Fordson. Akanitazama, akachomoa kijiti, akakinusa, akakinyoosha kwangu nikinuse. Kibatari kitupu. Akasema oili inayopanda ni mbaya kuliko inayopungua. Nikarudi kwenye daftari langu, kweli, kiwango kilikuwa kimepanda sentimita nzima kutoka pale nilipoweka. Ile sentimita ilikuwa mafuta ya taa. Oili ilikuwa nyepesi kama chai, na wiki iliyofuata nikiwa napanda mlima nikasikia ile dum dum dum kutoka chini, beringi za kombo (krankshafti) zimekwenda. Injini ikashuka yote.

Kwa hiyo pima kila siku ya kazi, trekta likiwa limesimama pasawa na limepoa. Ukiona kiwango kinapanda, usimwage ile ya juu tu ukaendelea kama wengine wanavyofanya, mwaga yote. Nusa kijiti. Dondosha tone moja kwenye gazeti, ukiona linasambaa haraka na kuacha duara pana la mafuta mepesi, ujue. Mimi nabadilisha oili kila saa 50 za kazi nikiwa natumia TVO, najua ni mapema, ila oili ni bei rahisi kuliko kombo. Na oili ya bei ya kati inayobadilishwa mara kwa mara ni bora kuliko ya bei mbaya inayokaa mwaka.

Likikataa

Linawaka vizuri na petroli, ukihamia linakufa: kama geji ilikuwa juu basi ni njia ya mafuta ya taa, fungua mpira wake uone kama yanatiririka, mara nyingi ni kifuniko cha tangi kisicho na tundu la hewa au tope kwenye koki.

Linakataa asubuhi ingawa jana ulilizima vizuri na petroli: koki inavuja kwa ndani, usiku kucha mafuta ya taa yanapenya yanaingia kwenye kabureta. Koki hizi zina kizibo cha gome ndani, kikikauka kinasinyaa. Ichemshe kwenye maji moto kinavimba tena, unapata miezi kadhaa, halafu nunua mpya. Plagi zimelowa na nyeusi zote nne, halikuwa na joto la kutosha. Plagi moja tu imelowa, hiyo ni plagi au waya wake, usitafute mbali.

Kama lako sio Ferguson

John Deere za zamani za silinda mbili, zile A na B na D za mlio wa pop-pop, matoleo mengi yalikuwa ya kula mafuta yoyote mepesi: tangi dogo la petroli la kuwashia, tangi kubwa la mafuta ya taa, utaratibu ni huu huu. Tofauti unazungusha gurudumu la pembeni kwa mkono, umefungua vile vikoki vidogo vya silinda ili kupunguza kubana, likiwaka unavifunga.

Ukikuta International ya dizeli ya miaka ya 30 na 40, kama WD-40, ambayo upande mmoja ina kabureta na plagi na upande wa pili ina pampu ya dizeli, usidhani mtu ameunganisha injini mbili. Inawaka kwa petroli: mkono fulani unafungua chumba kidogo cha ziada ndani ya hedi, kompresheni inashuka, plagi zinafanya kazi. Baada ya dakika moja hivi unarudisha mkono, chumba kinafungwa, kompresheni inapanda, na dizeli inachukua usukani. Pale usiweke mafuta ya taa kokote.

Halafu kuna Lanz Bulldog ya Mannheim Ujerumani, kuanzia 1921, hiyo ni silinda moja, haina plagi kabisa, kuna kichwa cha chuma mbele unakichoma kwa moto wa jiko la kubomba mpaka kiwe chekundu, halafu unachomoa usukani na mhimili wake unauchomeka pembeni kwenye gurudumu zito, unalipiga mzunguko. Inakula karibu kila aina ya mafuta mazito unayoyajua. Na ukikosea kupiga inaweza kuwaka kinyume, gia ya mbele ikakurudisha nyuma. Bulldog inataka mwongozo wake peke yake.

Inalipa?

Kwa nyumbani, ukweli hapana. Tanzania 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kukomesha wachakachuaji, Kenya nao 2018 wakaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo ile nafuu ya zamani imekwisha. Nilimwambia yule ndugu wa Njombe: liwashe kwa petroli, lilime kwa petroli, tangi la mafuta ya taa lisafishe uliache kavu. Yeye akasema anataka kulisikia linavyolia kwa mafuta yake angalau mara moja. Sikubishana naye.

Kuzima

Siku ikikaribia kuisha, ukiwa bado umebakiza mistari miwili mitatu ya plau, geuza koki urudi petroli. Lima hiyo mistari, rudi nyumbani nalo, dakika tano sio chini. Hapo kabureta limejaa petroli na silinda zimekauka mafuta ya taa. Liache sailensa dakika moja lipoe, zima, funga koki. Kama halitaguswa wiki nzima, funga koki kabla ya kuzima uliache limalize petroli ya kwenye kabureta lizime lenyewe, na kama ni sehemu ya baridi kali mwaga maji ya rejeta na ya bloku, Njombe na Makete mnanielewa.

Kama eksozi yake ni ya kusimama, lifunike kwa kopo la maziwa usiku, mvua isiingie. Na kesho ulitoe hilo kopo kabla ya kuwasha, maana mimi langu liliruka likampata kuku.